Jinsi majitaka na mbolea vinavyovuruga planktoni kwenye milango ya mito

MLANGO wa mto ni mahali ambapo maji baridi hukutana na maji ya chumvi. Mfano ni Mto Sabaki, unaoingia Bahari Hindi kaskazini mwa mji wa Malindi. Mto huo huanza ukiitwa Athi, hupokea maji ya Mto Nairobi, kisha huitwa Galana na hatimaye Sabaki. Hivyo, majitaka ya jiji kuu na mbolea inayosombwa mashambani na mvua yana njia ya kufika baharini, mamia ya kilomita kutoka yalikoanzia.

Uchafu huo hubeba naitrojeni na fosforasi, virutubisho vile vile vinavyostawisha mahindi. Majini, virutubisho hivyo hulisha planktoni, yaani viumbe wadogo wanaoelea na kuchukuliwa na mkondo. Planktoni wa jamii ya mimea hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Hao huliwa na planktoni wa jamii ya wanyama, ambao nao ni chakula cha samaki wachanga. Riziki ya mvuvi huanzia hapo.

Neema hiyo ikizidi hugeuka balaa. Planktoni mimea huzaana haraka kuliko wanavyoliwa, maji hubadilika rangi na mwanga haufikii nyasi za bahari. Wanapokufa huzama, na bakteria wanaowaozesha humaliza oksijeni iliyomo majini. Samaki wenye uwezo hutoroka, lakini chaza, ambao hukaa mahali pamoja, hufa.

Aina ya planktoni hubadilika pia. Diatomu, ambao ni chakula bora cha viumbe wengi wa baharini, huhitaji silika ili kujenga magamba yao. Majitaka na mbolea huongeza naitrojeni na fosforasi kwa wingi, ilhali silika haiongezeki kwa kiasi hicho. Silika inapopungua, nafasi ya diatomu huweza kuchukuliwa na aina nyingine, baadhi zikiwa na sumu inayodhuru samaki na watu wanaokula chaza.

Hata hivyo, virutubisho pekee havitoshi kuwastawisha planktoni. Wakati wa masika, Sabaki huwa na tope jingi linalozuia mwanga, na ukuaji wao hudumaa hata virutubisho vikiwa tele. Maji kujaa na kupwa pia huwa na athari. Maji yanapobadilishwa upesi, planktoni huchukuliwa kabla ya kuongezeka. Yanapotuama, huzaana watakavyo.

Kwa sababu hiyo, kuzuia mmomonyoko wa udongo bila kusafisha majitaka kunaweza kuleta matatizo mapya, kwani maji yakitakata, mwanga huwafikia planktoni ambao tayari wana chakula cha kupindukia.

Funzo hilo linaonekana katika Ghuba ya Chesapeake nchini Marekani, ambako sehemu za vilindi hupungukiwa na oksijeni kila msimu wa joto. Mnamo 2010, serikali ya nchi hiyo iliweka viwango vya juu zaidi vinavyoruhusiwa kuingia katika ghuba hiyo vya vitu vitatu kwa pamoja: naitrojeni, fosforasi na mchanga.

Kwa Sabaki vilevile, usalama wa samaki wa Malindi hutegemea mitaro ya Nairobi na matuta ya mashamba ya bara sawia.