Safu ya Lugha: Kipanga na Anayebukua

Kwenye mahafali ya kidato cha nne juzi, mshereheshaji alimwita mtoto wa jirani yangu "kipanga". Nilicheka kimoyomoyo. Kijana yule namjua: saa tisa za usiku taa yake inawaka, miguu iko ndani ya beseni la maji baridi asisinzie. Ukimwomba chumvi mezani anakuuliza kama unataka kloridi ya sodiamu. Akiona kibao cha "chipsi kavu" anataka kujua kavu kwa kipimo gani. Huyo anabukua, kipanga ni mwingine.

Kipanga ni ndege mwindaji, yule mnyakuzi wa vifaranga. Wanafunzi wamemwazima kwa wepesi wake: ameona, ameshuka, ameshachukua. Kipanga wa darasani husikiliza somo mara moja, jioni yuko uwanjani, na mtihani anaongoza.

Kubukua ni jasho. Wengi hudhani kitenzi hiki kimezaliwa na "buku" la kitabu (si lile la shilingi 1,000, wala panya buku, ingawa naye ni mchimbaji hodari). Lakini bukua tunalo tangu zamani, kwa maana ya kufichua jambo la siri. Basi anayebukua huchimba hadi kilichofichika kitoke. Anayekariri hachimbi, anameza tu; geuza swali kidogo, amekwisha.

Ndugu mshereheshaji, usimnyang'anye kijana usiku wake wote kwa neno moja la sifa. Sema anabukua.