Kwa nini saratani ya matiti hukimbilia mifupa

Mwaka 1889 daktari Mwingereza, Stephen Paget, alipitia kumbukumbu za wagonjwa 735 waliofariki kwa saratani ya matiti. Akaona ugonjwa hausambai ovyo tu: ni mbegu inayochagua udongo.

Mfupa ni udongo mzuri kwake. Kila siku hubomolewa kidogo na kujengwa upya. Seli za saratani zikifika kupitia damu, huzichochea zile zinazobomoa. Mfupa ukimeguka hutoa kemikali za kukuza seli, na saratani hujilisha humo humo. Nyingine hulala kimya ndani ya uboho, hata miaka zaidi ya kumi.

Kwa hiyo aliyewahi kutibiwa akiumwa mgongo mfululizo, hasa usiku, asimeze dawa za maumivu tu. Akapimwe. Zipo dawa, kama asidi ya zoledroniki, zinazopunguza ubomoaji huo.