Pamba ya Usukuma: Mbegu, Majirani na Vita vya Wadudu

Habari za pamba Usukuma husimuliwa kwa tani, bei na siasa za ushirika. Ni nadra kuulizwa zao hilo lilinusurikaje na wadudu na magonjwa miaka ile ambayo bomba la kupulizia dawa halijafika mikononi mwa mkulima wa kawaida. Nashikilia kwamba kinga kubwa ya pamba ya kanda ya Mwanza ilikuwa mbegu, ikifuatiwa na desturi ya kung'oa miti ya pamba kwa wakati mmoja. Zote mbili ni kinga za pamoja, wala hakuna mkulima awezaye kuzijenga peke yake ndani ya mipaka ya shamba lake.

Tuanze na chawajani, mdudu mdogo wa kijani anayeruka mara tu jani likiguswa. Jike hutaga ndani ya mishipa ya jani, na watoto wakishaanguliwa hufyonza utomvu upande wa chini. Kingo za jani huwa manjano, kisha nyekundu, jani likajikunja na mmea ukadumaa. Huko Barberton, Afrika Kusini, F. R. Parnell na wenzake walikuwa wameonyesha kwamba pamba yenye vinyweleo vingi na virefu majanini humpa mdudu huyu taabu kubwa. Katika kituo cha Ukiriguru, kusini mwa mji wa Mwanza, J. E. Peat na watafiti waliomfuata walichagua mimea msimu hadi msimu wakaitafuta sifa hiyo pamoja na mavuno mazuri, na kazi yao ikazaa mbegu za UK, herufi zilizochukuliwa kwenye jina la Ukiriguru. Uzuri wa kinga hii ni kwamba haikumtaka mkulima anunue chochote wala ajifunze kipimo cha dawa. Aliipanda, basi. Lakini ilidai jambo jingine: pamba ya eneo moja ichambuliwe bila kuchanganywa na ya kwingine, kwa kuwa mbegu ya msimu ujao hutoka kinuni.

Wapo watakaosema naitukuza mno mbegu, kwa kuwa mavuno makubwa ya miaka ya 1960 yalikuja na dawa kama DDT. Hoja hiyo ina uzito. Vinyweleo havimzuii funza wa vitumba. Tena nondo wake hupenda kutaga kwenye majani yenye vinyweleo. W. Reed, aliyechapisha mwaka 1965 utafiti wake kuhusu funza huyo magharibi mwa Tanganyika, alikuwa akimfuatilia mdudu anayekula pia mahindi na mazao mengine mengi, hivyo kumdhibiti ndani ya pamba pekee hakutoshi. Dawa ilihitajika, nakubali. Ila mkulima aliyepulizia dhidi ya funza alikuwa tayari amepewa na mbegu kinga dhidi ya chawajani. Bila mbegu ile angelazimika kupulizia mapema zaidi na mara nyingi zaidi, kwa fedha ambazo wengi hawakuwa nazo.

Kung'oa miti ya pamba ndiko kulikozua ugomvi. Funza wa waridi wa vitumba huvuka kiangazi ndani ya mbegu na vitumba vilivyosalia, kwa hiyo shamba moja lenye maotea hulisha wadudu wa kijiji kizima. Serikali ya kikoloni iliamuru masalia yang'olewe na kuchomwa, ikawatumia watemi kutoza faini, na amri hiyo ikaja bega kwa bega na ile ya kupunguza mifugo na ya kulima matuta kwa namna iliyoelekezwa. Hasira ilipanda hadi mwaka 1954 serikali ikayafunga matawi ya chama cha TAA (Tanganyika African Association) huko Usukuma. Je, sheria ya masalia ilikuwa uonevu mtupu? Sidhani. Kuhusu maisha ya mdudu, ilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa kumwamuru mtu achome miti ambayo kwake ni kuni, katika nchi iliyokwisha pungukiwa na miti, bila kumshirikisha katika uamuzi. Uhuru ulipokuja sheria haikutupwa, na hadi leo mkulima wa kanda ya ziwa huhimizwa awe ameondoa masalia ifikapo tarehe 15 Septemba.

Mwaka huohuo wa 1954 ndipo mnyauko fuzari ulipotambuliwa katika pamba ya Tanganyika. Ugonjwa huu husafiri na mbegu, hukaa ardhini miaka mingi, na minyoofundo ya mizizi huuongezea nguvu. Hakuna dawa ya kupulizia itakayouondoa shambani. Ukiriguru ilijibu tena kwa mbegu, ikiwemo UK91. Soko lilipofunguliwa mwaka 1994, wanunuzi binafsi waliwalipa wakulima papo hapo, nafuu ya kweli kwa watu waliochoka kudai fedha zao kwenye ushirika. Lakini pamba ilianza kusombwa kutoka huku na kule hadi vinu vilivyo mbali, mbegu zikachanganyika, na utaratibu wa maeneo ya mbegu ukavunjika. Wenye vinu walipata faida, na hasara ikabaki kwenye udongo wa mkulima. Ndiyo maana naona gharama ya kuchambua mbegu safi kando ilipaswa kuwekwa katika masharti ya leseni ya kununua pamba tangu siku ya kwanza.