Mlango wa Sindano: Habari za Tiba Radiolojia katika Hospitali za Askari Wastaafu wa Marekani

Katika fani zote za uganga wa zama zetu, ni chache zilizochelewa kupata heshima yake kama tiba radiolojia, yaani ustadi wa kumtibu mgonjwa kwa sindano, waya na mrija mwembamba uitwao katheta, vipitavyo ndani ya mshipa wa damu huku tabibu akiongozwa na picha ya eksirei, pasipo kulipasua tumbo wala paja ili aone kwa macho yake. Na katika mahali pote ambapo ustadi huo ulijaribiwa na kupimwa, sioni palipoutolea ushahidi ulio wazi kuliko hospitali za serikali ya Marekani zinazowahudumia askari wastaafu. Waandishi wa tarikhi ya fani hii aghalabu huwataja matabibu waliovumbua vyombo. Ni haki yao kutajwa, nami nitawataja. Lakini wazee waliolala juu ya meza, waliokuwa askari katika vita vya Ulaya, Korea na Vietnam, wana fungu lao katika maarifa hayo, na fungu hilo halijapewa taadhima linayostahili.

Asili ya hospitali hizo ni vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe. Mwezi wa Machi 1865 Rais Abraham Lincoln alitia sahihi sheria ya kuweka makao ya askari wa kujitolea waliolemazwa na vita, na mwaka uliofuata makao ya kwanza yakafunguliwa Togus, katika jimbo la Maine. Mahali pale palikuwa pa stara kuliko pa matibabu: askari aliyepoteza mguu alipata kitanda, chakula na mavazi. Mwaka 1930 idara zilizotawanyika ziliunganishwa kuwa moja, Veterans Administration. Hata hivyo, Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha na mamilioni ya vijana wakarejea makwao, ilidhihirika kwamba hospitali zenyewe hazikuwa na matabibu wa kutosha, na nyingi zilijengwa mbali na miji yenye vyuo. Jemadari Omar Bradley, aliyekabidhiwa idara hiyo mwaka 1945, pamoja na tabibu wake mkuu Paul Hawley, walikata shauri ambalo baraka zake hazijaisha mpaka leo: kwa waraka wa Januari 1946 hospitali za askari wastaafu ziliruhusiwa kufungamana na vyuo vikuu vya tiba, profesa afundishe humo, mwanafunzi ajifunze humo, na askari mzee atibiwe na mtu yuleyule ambaye tajiri wa mji angemlipa fedha nyingi.

Wakati huohuo maarifa ya kupiga picha za mishipa yalikuwa yakijengwa Ulaya kidogo kidogo. Wilhelm Röntgen aligundua miale ya eksirei mwishoni mwa 1895, na haukutimia mwezi wa pili wa mwaka uliofuata kabla mabwana wawili wa Vienna hawajatia dawa katika mishipa ya mkono wa maiti na kuipiga picha. Mwaka 1929 kijana wa Kijerumani, Werner Forssmann, alijipenyezea mrija katika mshipa wa mkono wake mwenyewe hata ukafika moyoni, kisha akaenda kwa miguu mpaka chumba cha eksirei kuuthibitisha. Alilaumiwa sana, na Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 1956. Lakini ufunguo wenyewe ulitoka Sweden. Sven-Ivar Seldinger alieleza mwaka 1953 jinsi ya kuuchoma mshipa kwa sindano, kupitisha waya ndani ya sindano, kuiondoa sindano na kuuacha waya, kisha kuiteleza katheta juu ya waya huo hata iingie mshipani. Tendo hili, ambalo mtu akilisikia huliona jepesi, ndilo linalotendwa mpaka hivi leo kila siku katika kila hospitali yenye fani hii.

Hata hivyo, mwenye katheta alikuwa bado shahidi tu. Aliingia mshipani, akapiga picha, akatoka, akamwandikia mpasuaji kwamba mshipa umeziba mahali fulani. Na mpasuaji ndiye aliyekata. Aliyeikataa desturi hiyo ni Charles Dotter wa Portland, katika jimbo la Oregon, aliyepewa uongozi wa idara ya radiolojia ya chuo cha tiba akiwa na umri wa miaka 32, juu ya kilima cha Marquam ambacho hospitali ya askari wastaafu ipo juu yake vilevile, na leo hospitali hiyo na chuo vimeunganishwa kwa daraja refu la waenda kwa miguu. Mnamo 1963, katika mkutano wa Karlovy Vary, aliwaambia wenziwe kwamba katheta yaweza kuwa chombo cha kutibia. Tarehe 16 Januari 1964 akaletewa bibi wa miaka 82, mguu wake umepata donda ndugu, naye amekataa katakata kukatwa. Dotter alipitisha waya mahali palipobana katika mshipa wa paja, akaupanua kwa katheta, kisha kwa nyingine nene zaidi iliyoteleza juu ya ile ya kwanza. Mguu ukapata joto. Bibi yule aliishi na mguu wake mpaka alipofariki miaka takriban miwili na nusu baadaye, na ugonjwa uliomuua haukuwa wa mguu. Nchini mwake wengi walimdhihaki Dotter, na mpasuaji mmoja alithubutu kuandika katika hati ya mgonjwa kwamba mshipa upigwe picha lakini usitengenezwe. Ulaya ndiko walikomsikiliza, hata Andreas Grüntzig akatengeneza huko puto dogo la kupanulia mishipa, akalitumia katika mguu mwaka 1974 na katika mshipa wa moyo mwaka 1977.

Hapa hospitali za askari wastaafu zinaingia tena katika habari zetu. Mwaka 1977 Julio Palmaz, tabibu kijana kutoka Argentina, alifika California akajifunza radiolojia katika hospitali ya askari wastaafu ya Martinez. Mwaka 1978 alikwenda New Orleans kumsikiliza Grüntzig, akarudi na swali: mshipa uliopanuliwa ukitaka kujifunga tena, kwa nini usiwekewe kiunzi cha kuushikilia? Alikaa na swali hilo miaka, akalihamishia Texas, na jibu lake ni stenti, bomba dogo la wavu wa chuma linalotanuliwa na puto na kuachwa ndani ya mshipa. Wazo la wavu alilipata katika kipande cha chuma cha wapiga lipu. Mwaka 1994 serikali ya Marekani iliruhusu stenti yake itumike katika mishipa ya moyo.

Yafaa kuuliza kwa nini askari mzee ndiye mgonjwa wa fani hii kuliko raia mwenziwe. Sababu moja inauma kuitaja. Serikali ilimpa kijana wake sigara. Zilikuwamo katika posho ya chakula cha vita, na hazikuondolewa humo mpaka mwaka 1975. Na tumbaku ndiyo inayoziba mishipa ya miguu na kuilegeza aota, mshipa mkuu wa tumbo, hata ukavimba na kupasuka bila ya kutoa ishara. Mwaka 1997 Frank Lederle wa hospitali ya askari wastaafu ya Minneapolis, pamoja na wenziwe, walitangaza matokeo ya kuwapima askari wastaafu 73,451 wenye umri wa miaka 50 mpaka 79, na uvutaji wa sigara ndio ulioambatana na uvimbe huo kuliko sababu nyingine zote. Sijui maandishi ya tiba yanayomsuta mtawala kwa upole kama hayo.

Juan Parodi wa Buenos Aires alikuwa ameonyesha mwaka 1990 kwamba aota iliyovimba yaweza kutiwa bomba la kitambaa kwa ndani, kupitia kinena, bila ya kulifungua tumbo. Je, ilikuwa bora kuliko kisu? Wauza vyombo walikuwa na jibu lao, na wapasuaji lao. Askari wastaafu 881, katika hospitali 42, walikubali kugawanywa kwa kura, baadhi wapasuliwe na baadhi watiwe bomba. Matokeo ya mwaka 2009 yalikuwa haya: waliofariki mapema baada ya kupasuliwa walikuwa watatu katika mia, na waliotiwa bomba mmoja katika mia mbili. Kisha watafiti wakaendelea kuwafuata wazee wale kwa miaka mingi, wakatangaza bila ya kuficha kwamba mwishowe idadi ya walio hai katika makundi yote mawili ililingana. Utafiti mwingine, uliotangazwa mwaka 2002, ulikuwa na wagonjwa 1,136, karibu wote askari wastaafu. Nao ulionyesha kwamba uvimbe usiofika sentimita tano na nusu waweza kungojewa na kupimwa mara kwa mara, wala kuharakia upasuaji hakumwongezei mtu umri. Kwangu mimi utafiti huu wa pili ni mkubwa zaidi, kwa kuwa tabibu mwenye ustadi mpya mkononi huona taabu kuliko watu wote kuuacha bila ya kuutumia.

Kazi yenyewe ya kila siku ni ya mikono na ya macho. Tabibu amevaa vazi zito la risasi, mgonjwa yu macho, ganzi imetiwa mahali padogo tu, na wawili hao huzungumza. Wengi wa wazee wana kisukari na figo dhaifu zisizoistahimili dawa ya kuonyeshea mishipa, kwa hiyo badala yake hutumiwa hewa ya ukaa, njia iliyoendelezwa na Irvin Hawkins huko Florida tangu miaka ya 1970. Walioambukizwa homa ya ini aina ya C, ambayo imewasumbua sana watu wa kizazi cha vita vya Vietnam, hufika na saratani ya ini, wakatiwa dawa katika mshipa uleule unaoulisha uvimbe, kisha mshipa ukazibwa.

Fani ilitambuliwa nchini Marekani kuwa ubingwa unaojitegemea mwaka 2012. Tanzania haikuwa na mafunzo yake mpaka mwaka 2018, matabibu, wauguzi na mafundi wa Kimarekani walipoanza kuja kwa zamu Muhimbili kuwafundisha wenzao kazini, na baada yake shahada ya uzamili ikaanzishwa hukohuko. Leo mwanafunzi wa Dar es Salaam anayepima aota ya mzee wa Kariakoo au wa Temeke, akaamua kwamba sentimita nne si za kutiwa chombo bali za kungojewa, hutegemea kipimo kilichothibitishwa katika miili ya askari wazee wa Marekani.