Kiti cha Mathe

Dakika ishirini zilitosha. Mathe akaniuliza kama nimemaliza, na mimi hata pua sikuwa nimeimaliza. "Nina sukuma ya kukata," akasema, akaondoka na kiti chake.

Hapa Riruta Satellite, muda wa kukaa bure ni ghali kuliko rangi. Rangi ya mafuta yenyewe haina haraka. Tabaka hukaa bichi siku kadhaa, kwa hivyo kesho unaweza kurekebisha shavu ulilokosea leo. Lakini mwenye shavu naye lazima arudi.

Kuna aliyelipiwa muda huo. Mwaka 1949 serikali ya kikoloni ilimpa Joy Adamson, yule wa simba Elsa, kazi ya kuchora watu wa makabila ya Kenya wakiwa na mavazi yao ya jadi. Alichora zaidi ya picha 500. Nilienda kuziona pale makavazi ya Nairobi. Ni kazi safi, siwezi kudanganya. Lakini shanga zimetazamwa vizuri kuliko macho.

Mimi namfikiria zaidi Walter Njuguna Mbugua, aliyezaliwa 1954. Alikuwa mwalimu, ana mshahara. Miaka ya 1980 akaacha kazi ili achore, bila kupitia chuo chochote cha sanaa. Watu wakasema amerukwa na akili. Akajibu kwa kubadilisha jina: Sane Wadu, na hilo "sane" ni Kiingereza cha mtu mwenye akili timamu. Baadaye Gallery Watatu, iliyofunguliwa mjini 1969, ikauza picha zake, na 2022 NCAI ikamfanyia maonyesho ya kazi ya maisha yake yote.

Wengi husimulia hivyo, wakiruka kutoka kuacha kazi hadi kwa galari. Mimi nimekwama hapo katikati, kwa zile siku ambazo jina jipya lipo na unga hakuna. Niliacha chuo mwaka wa pili. Mathe hajaniita mwehu. Huuliza tu kama hii kitu inalipa.

Jana jioni, baada ya kufunga kibanda, alileta kiti mwenyewe. Alikaa, na kabla sijafungua rangi akasinzia, kidevu kifuani. Nikaufuta ule uso wa kwanza kwa kitambaa chenye tapentaini, nikaanza na mikono.