Majira ya Kuchipua Kisiwani Hirta

Magharibi ya Uskoti, katika bahari ya Atlantiki, kuna fungu la visiwa vidogo liitwalo St Kilda. Kutoka hapo hata visiwa vya Hebrides, vilivyo jirani yake, ni mwendo wa kilomita 64 hivi. Kisiwa kikubwa katika fungu hilo ni Hirta, nacho si kikubwa: mtu mwenye miguu imara aliweza kukivuka toka upande hata upande kwa saa chache. Upande wa kusini-mashariki ipo ghuba ambako mashua ziliweza kutua. Pande nyingine ni magenge ya mawe yaliyosimama wima juu ya maji, na kilele cha Conachair kinafika mita 430. Hakuna miti. Hapo waliishi watu wasemao Kigaeli kwa karne nyingi, mpaka tarehe 29 Agosti 1930, walipohama wote kwa siku moja. Tukitaka kujua waliishije, na kwa nini waliondoka, yafaa tuwatazame katika majira ya kuchipua, maana majira hayo ndiyo yaliyokuwa mtihani wao wa kila mwaka.

Sisi tukaao karibu na ikweta twahesabu mwaka kwa mvua na kwa pepo. Watu wa kaskazini huuhesabu kwa baridi na joto. Baada ya miezi ya baridi na usiku mrefu huja majira ya kuchipua, kuanzia Machi hata Mei, ambapo mchana huongezeka na majani huota upya. Mvuvi wa pwani yetu ajua jinsi kusi kali inavyoweza kumfungia nyumbani siku kadhaa. Watu wa Hirta walifungiwa hivyo kwa miezi, bila chombo kufika wala barua kupokelewa. Wakati huo wanawake walisokota sufu, na wanaume walifuma vitambaa vizito. Chakula kilikuwa akiba iliyowekwa katika vibanda vya mawe viitwavyo cleit, ambavyo upepo ulipita katika nyufa za kuta zake na kukausha kilichomo. Zaidi ya vibanda 1,200 vya namna hiyo vimehesabiwa Hirta. Lakini akiba hupungua, na kufikia Machi kila nyumba ilitazama bahari na mbingu kwa hamu.

Waliotangaza mwisho wa dhiki walikuwa ndege. Ganeti, ndege wakubwa weupe wa baharini, walikuwa wamekwisha anza kurudi kwenye majabali ya Boreray na Stac Lee. Kisha wakaja pafini, wadogo wenye midomo ya rangi, kwa maelfu mengi. Watu wa Hirta hawakuwa wavuvi wakubwa wa samaki, kwa kuwa bahari yao ilikuwa kali na mashua zao chache. Mavuno yao yalikuwa katika magenge. Nyama ya ndege ililiwa mbichi ikiisha pikwa, au ilikaushwa na kuwekwa akiba. Mafuta yaliwashwa taani. Manyoya yalitolewa kuwa kodi kwa mwenye kisiwa. Katika majira ya kuchipua mashua ilivuka kwenda kwenye majabali, na mtu wa kwanza aliruka kutoka mashuani na kushika mwamba wenye utelezi wimbi lilipoinuka. Ganeti walikamatwa usiku wakiwa wamelala, kwa kunyemelewa kimya kimya. Mwezi wa Mei ulikuwa wa mayai. Hapo palikuwa na hekima ya kuzingatiwa: ndege aitwaye fulmari hutaga yai moja tu kwa mwaka, na likichukuliwa hatagi jingine. Kwa sababu hiyo waliliacha, wapate kinda mnono mwezi wa Agosti.

Kazi hiyo haikuwezekana kwa mtu mmoja. Aliyeshuka gengeni alining'inia kwa kamba, na uhai wake ulikuwa mikononi mwa wenzake walioishika juu. Martin Martin, mwandishi aliyefika Hirta mwaka 1697, alikuta watu wapatao 180, na kamba tatu tu katika kisiwa kizima, kila moja ya urefu wa pima 24. Kamba hizo zilikuwa mali ya wote. Mashua pia ilikuwa moja, na jamaa zote zilikuwa na fungu lao ndani yake. Basi mtu wa Hirta hakuwa na haja ya kuhubiriwa umoja. Aliushika kwa viganja vyake kila siku ya kazi.

Katika karne ya 19, kila asubuhi isipokuwa Jumapili, wanaume walikutana barazani, mbele ya nyumba zao zilizopangwa katika mstari mmoja, washauriane kazi ya siku. Wageni waliliita baraza hilo Bunge. Halikuwa na mwenyekiti wala kanuni zilizoandikwa; kila mmoja alisema alivyoona, na mara nyingine walibishana hata nusu ya asubuhi ikapita. Wanawake hawakuitwa katika shauri hilo, ingawa kazi nyingi nzito zilikuwa zao. Magenge yenye ndege yaligawanywa kati ya jamaa kwa kura, ili asiwepo mtu wa kudumu na mahali pazuri na mwingine na mahali pabaya. Mavuno yaliyopatikana kwa pamoja yaligawanywa nyumba kwa nyumba, wala mzee asiyeweza kupanda genge na mjane asiye na mwana hawakusahauliwa.

Wakati huo huo mashamba yalingoja. Samadi na majivu yaliyokusanyika wakati wa baridi yalitolewa na kubebwa shambani. Udongo ulipinduliwa kwa jembe lililokanyagwa kwa mguu, ndipo wakapanda shayiri, oti na viazi. Upepo wa chumvi uliweza kuunguza mimea yote kwa usiku mmoja. Lakini ilikuwa lazima kupanda, na kupanda kulikuwa na siku zake. Mwenye kuchelewa alijiandalia njaa.

Jinsi kisiwa kilivyotegemea hesabu ya mikono ilionekana wazi mwaka 1727. Mwezi wa Agosti wanaume watatu na wavulana wanane walipelekwa kwenye jabali la Stac an Armin kukamata ndege, mashua ikaahidiwa kurudi baada ya siku chache. Mashua haikurudi. Ndui ilikuwa imeingia Hirta na kuua wengi wa watu wake, na waliosalia hawakutosha kuiendesha mashua. Wale kumi na mmoja hawakujua sababu. Walikaa juu ya jabali majira yote ya baridi, wakila ndege na samaki, wakijihifadhi katika kibanda cha mawe. Waliokolewa Mei 1728, mjumbe wa mwenye kisiwa alipofika kwa safari yake ya mwaka. Walirudi wazima, wakakuta kijiji kimejaa makaburi. Baadaye watu wapya waliletwa kutoka Harris ili maisha yaendelee.

Bahari ilipotulia, vyombo vya kwanza vya mwaka vilileta barua na bidhaa, na pia ugonjwa. Wenyeji walizoea kupatwa na mafua baada ya wageni kufika, kwa sababu miili yao, iliyotengwa muda mrefu, haikuwa na kinga. Msiba mkubwa zaidi ulikuwa wa watoto wachanga. Katika karne ya 19 wengi wao walikufa kwa pepopunda kabla ya kutimiza majuma mawili. Pigo hilo lilikoma katika miaka ya 1890, baada ya mchungaji Angus Fiddes kujifunza na kufundisha usafi wa kumzalisha mama na kukata kitovu. Lakini makizazi yaliyopotea hayakurudi.

Watu walipungua kwa njia nyingine pia. Mwaka 1852 wenyeji 36, katika watu wapatao 110, walihamia Australia, na karibu nusu yao walifia safarini. Kuanzia mwaka 1877 meli zilileta watalii, nao vijana wakaona fedha na mavazi ya ulimwengu mwingine. Katika Vita Kuu ya Kwanza serikali iliweka askari na mitambo ya simu ya upepo Hirta. Tarehe 15 Mei 1918 nyambizi ya Kijerumani iliupiga mizinga mtambo huo pamoja na majengo ya kijiji, ingawa hakuna mtu aliyeuawa. Vita vilipokwisha askari waliondoka, na pamoja nao ukaondoka mshahara na habari za kila siku. Vijana wakaanza kufuata. Mwaka 1920 walikuwako watu 73. Mwaka 1928 walibaki 37.

Ndipo tunapofika majira ya kuchipua ya mwaka 1930. Ndege walirudi kama kawaida, na majani yaliota. Lakini watu walijihesabu. Nani atashika kamba, nani atapiga makasia, nani atalimia mzee jirani? Tarehe 10 Mei watu 20 walitia sahihi barua kwa serikali kuomba wahamishwe. Walieleza kwamba wanaume kadhaa wamekwisha azimia kwenda kutafuta kazi bara, na kwamba wakiondoka hao, waliosalia hawataweza kuishi. Tena hawakuomba wawekwe pamoja mahali pamoja. Watu walioishi karne nyingi kwa kushirikiana walikubali kutawanyika, ili kila mmoja apone.

Tarehe 29 Agosti watu 36 walipanda meli ya kivita Harebell. Katika nyumba waliacha Biblia imefunguliwa na fungu dogo la nafaka. Wengi walipewa makao Lochaline, na baadhi ya wanaume wakapata kazi ya misitu, wao waliokulia mahali pasipo mti. Mzaliwa wa mwisho aliyehama siku ile alifariki mwaka 2016. Kisiwa chenyewe kiliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1986, na hata leo ndege hurudi kila mwaka kwa malaki.

Wapo wasemao kwamba watu wa Hirta walishindwa na upweke. Upweke waliuzoea. Watu wengine husifu umoja wao kana kwamba ungeweza kuwalisha peke yake. Habari zao zatufundisha kwamba umoja ni kama kamba ya genge: hauna budi kuwa na nyuzi za kutosha. Wahenga wetu walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Watu wa Hirta walijua pia idadi ya vidole iliyotakiwa, na ilipopungua walisema kweli kabla ya baridi kuwafika.