Kisu cha Mfukoni: Umbo la Kale na Ufunguzi wa Mkono Mmoja

Kiswahili hukiita chombo hiki kisu cha kukunja. Jina hilo latokana na namna kinavyofungwa, wala si namna kinavyofunguliwa. Hata hivyo, historia yake ya karibuni imetawaliwa na suala la kufungua: je, kazi hiyo ihitaji mikono miwili au mmoja? Kisu cha askari wa Uswisi chatoa mfano ulio wazi, kwa kuwa kimelinda sura yake ya asili huku namna ya kukifungua ikibadilika.

Askari wa Uswisi walianza kugawiwa kisu hicho mwaka 1891. Kilikuwa na mpini wa mti wa mwaloni, bapa moja la kukatia, kifungua makopo, bisibisi na chuma cha kutobolea. Bisibisi ilihitajiwa kwa ajili ya kufungulia bunduki mpya ya Schmidt-Rubin, na kifungua makopo kwa ajili ya posho ya safarini. Shehena ya kwanza ilitoka Solingen, nchini Ujerumani. Baadaye kazi hiyo ikashikwa na Karl Elsener, fundi wa visu wa Ibach. Mwaka 1961 mpini ulikuwa wa alumini, lakini bapa bado lilivutwa kwa ukucha uliotiwa katika mfuo mdogo ubavuni mwake.

Mfuo huo haukuwa desturi tupu. Springi iliyo mgongoni mwa mpini hulibana bapa lisijifungue mfukoni; ili kuishinda, mkono mmoja hushika mpini na mwingine huvuta. Mafundi wa Sheffield na Thiers nao walifuata kanuni iyo hiyo. Kwa upande mwingine, kisu cha Japani kiitwacho higonokami, kilichoanza kufuliwa mjini Miki mwishoni mwa karne ya 19, hakina springi: bapa lina mkia mfupi uchomozao nje ya mpini, nao husukumwa kwa kidole gumba. Kwa hiyo kufungua kwa mkono mmoja si uvumbuzi wa jana.

Hatua mpya ilipigwa Marekani mwaka 1981, pale kampuni ya Spyderco ilipotoboa tundu la duara katika bapa ili kidole gumba kipate pa kushika. Tundu hilo liliufaa mkono wa kulia na wa kushoto, hata uliovaa glavu. Mwaka 2003 jeshi la Ujerumani lilipokea kisu cha Victorinox chenye tundu la namna hiyo. Uswisi ikafuata kwa kielelezo cha 2008, kilichogawiwa kuanzia 2009: kisu cha milimita 111, chenye tundu la mviringo mrefu na komeo la kuzuia bapa lisijikunje. Msalaba ulibaki mpinini, na zana zikaendelea kulala kwa tabaka kama zamani.

Hapo ndipo mgongano ulipozuka. Tangu Aprili 2008 sheria ya Ujerumani ilikataza kuchukua hadharani, pasipo sababu halali, kisu kifunguliwacho kwa mkono mmoja na kujikaza kwa komeo. Kisu kisichokunjwa kilikatazwa tu iwapo bapa lake lilizidi sentimita 12. Hivyo kisu cha jikoni cha sentimita 11 kiliachwa nje ya katazo hilo, na kisu cha mfukoni kifupi zaidi kikanaswa. Komeo humlinda mtumiaji asikatwe vidole. Sheria ililiona kwa jicho la mtu asimamaye mbele yake. Watengenezaji walibaki na njia mbili: kuacha tundu na kuondoa komeo, au kuacha komeo na kurudisha mfuo wa ukucha.

Ni dhahiri, basi, kwamba mfuo wa ukucha umepata maana mpya. Ulizaliwa na nguvu ya springi. Katika baadhi ya visu vya leo umebaki kwa nguvu ya sheria. Kwa mwanahistoria wa vyombo, fundisho ni kwamba umbo la kale laweza kudumu baada ya sababu yake ya kwanza kutoweka, likiwa limepata sababu nyingine. Mkono wa pili ulihitajiwa ili kuishinda springi. Sasa wahitajiwa ili kumtuliza jirani.